Vigingi vya Mkuyu

Sikio la kulia la Kashindye Masalu lilikuwa na sugu. Ilikuwa sugu ndogo, ngumu, ukingoni kabisa, kama ile inayoota viganjani mwa mtu wa jembe. Aliipata kwa kulaza kichwa juu ya mbao. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akikalafati mitumbwi katika mwalo wa Melini, ufuko wa kushushia samaki kando ya ghuba, mwendo mfupi kabla ya kivuko cha kwendea Busisi, na kazi hiyo humalizwa kwa sikio. Unasokota pamba iwe kamba, unaiingiza katika mwanya kati ya ubao na ubao, unaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mwanzoni nyundo husema bu, bu, bu, kama mtu mnene anayetembea mchangani. Pamba ikikaza, sauti hugeuka: ka. Hapo unaacha. Ukizidisha, ubao utapasuka. Ukipunguza, maji yataingia.

Alifundishwa na baba yake, Masalu, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kukaa akimsubiri. Watu walicheka kumwona msichana na patasi. Kisha mitumbwi aliyoikalafati ikaenda na kurudi bila kopo la kukombea maji, na kicheko kikapungua.

Jambo moja tu hakuruhusiwa. Pale Melini mtumbwi uliotoka kwa fundi ukishushwa majini, wa kwanza kuupanda ni fundi mwenyewe. Anakaa chini kabisa, juu ya maungio, anapelekwa hadi kwenye mawe na kurudishwa. Akishuka na nguo kavu, mwenye mtumbwi humshika mkono mbele ya watu, na jina lake husimama. Lakini mwanamke hakanyagi mtumbwi wa uvuvi; samaki watakimbia, ndivyo walivyoamini wavuvi. Kwa hiyo Kashindye alikalafati, na Masalu akakalia. Masalu alipofariki, wenye mitumbwi walikalia wenyewe. Walirudi na kaptula kavu, wakamshukuru wakiwa bado wamesimama majini, yeye akiwa nchi kavu.

Baba yake alimwachia patasi tatu, nyundo, na kigogo cha mkuyu alichokuwa akikikalia kazini. Kashindye alikitundika jikoni juu ya mafiga, mahali pa vitu visivyotumika na visivyotupwa. Moshi ukakizunguka miaka kumi na minne.

Jina la mwalo lilitokana na chombo kilichozama hapo zama za Mwingereza: tishari la chuma lililokuwa likipeleka mafuta mazito kwenye matanuri ya kinu cha kuchambulia pamba. Dhoruba ililijaza maji, likashuka wima na kutulia kama ng'ombe aliyelala, mgongo wake ukiwa kwenye kina cha watu wawili. Watoto walizaliwa, wakakua, wakatupa ndoana juu yake, wakazaa wao pia. Hakuna aliyefikiri kwamba tumbo lake lilikuwa bado limejaa.

Mwaka wa tisini na tano, magari ya vyama yalipita yakipiga kelele za kampeni, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao walifika Melini na mizani zao. Walichukua sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, nanga zilizovunjika. Wiki chache baada yao, yakaja mafuta.

Yalianza kama rangi za upinde wa mvua juu ya maji, na wapo waliosema yanapendeza. Siku ya tatu yalikuwa meusi, mazito kama uji wa ulezi uliosahauliwa. Yalishika kwenye nyavu, kwenye miguu, kwenye magugumaji yaliyosukumwa na upepo. Atieno, kiongozi wa wanawake wanaoanika dagaa, alihamisha maanikio yake mara tatu, na mara zote tatu dagaa walinuka kama kibatari. Lori la kiwanda cha minofu, lililozoea kuja kila asubuhi kuchukua sangara, lilikuja. Dereva akanusa samaki mmoja, akapandisha kioo, akageuza gari.

Ndipo akaja Revocatus, afisa uvuvi, kijana mpole mwenye pikipiki ya serikali. Alisimama penye kivuli cha banda la kupimia samaki, watu wakamzunguka.

"Natoa siku ishirini na moja," alisema. "Nitarudi Jumatatu ya mwisho. Nitachukua samaki wa hapa, nimchemshe kwa maji matupu, bila chumvi, nimwonje mwenyewe. Akinuka mafuta, mwalo huu utafungwa. Mitumbwi itashushia mwalo wa Kirumba, mjini."

"Na sisi tukashushie wapi, bwana afisa?" Atieno aliuliza. "Mchanga wetu nao utapanda basi kwenda Kirumba?"

"Mama, na mimi silipendi jambo hili. Nimeuliza Mwanza kama kuna chombo cha kuzuia mafuta. Mwanza wameniambia niulize Dar es Salaam. Dar wamesema wataandika barua."

"Basi waandike, na hayo mafuta yaisome."

Watu walicheka, hata Revocatus. Kashindye hakucheka. Alikuwa akihesabu mitumbwi iliyobaki ufukoni. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Mwanawe Mhoja alikuwa machimboni Geita, akichimba matumaini zaidi ya dhahabu. Mwalo ukifungwa, mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu: kwa kaka yake, ndani huko ng'ambo ya Usagara, kulima shamba la mtu mwingine na kuitwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Fundi wa kalafati bila mwalo ni kama mkunga mahali wasikozaa watu.

Kesho yake asubuhi alikuwa akichambua pamba mlangoni pake aliposikia mtu akikohoa kikohozi cha uongo. Alikuwa Ojuok, mume wa Atieno, Mjaluo mrefu aliyetoka upande wa Mara, mzamiaji wa pekee pale Melini. Nyavu zikinasa chini, aliitwa yeye. Alikuwa na miwani aliyojitengenezea kwa vioo na mpira wa ndani wa tairi.

"Shikamoo, Mama Mhoja."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Vile vyuma. Wale watu wa mizani walipokuja, nilizamia na nyundo na tindo. Niling'oa bamba moja mgongoni mwa tishari, na ribiti zake, ile misumari minene ya chuma, zikakatika na kuacha matundu kwenye chuma cha chini yake. Sikujua kama ndani kuna kitu. Yalianza kutoka polepole, nikadhani yatakwisha."

Kashindye aliendelea kuchambua pamba. "Mashimo mangapi?"

"Kumi na moja. Niliyahesabu nilipokuwa natafuta namna ya kusema."

"Mkeo anajua?"

"Mama Mhoja, angejua, ningekuja hapa kwa miguu miwili?"

Kicheko kilimponyoka Kashindye kabla hajakikataza. "Shimo moja lina ukubwa gani?"

Ojuok alinyoosha kidole gumba. Kashindye alikishika, akakigeuza huku na huku kama anavyokagua mwanya wa mtumbwi.

"Mwanya ni mwanya," alisema. "Kwanza nenda kamwambie mkeo. Kisha uje nikufundishe kukalafati."

Kelele zilizotoka nyumbani kwa Ojuok saa hiyo ziliwafanya hata bata wa jirani wahame. Lakini saa sita mchana Ojuok alirudi, miguu yote miwili ikiwa salama, na Atieno nyuma yake amebeba nyundo.

"Nimemwacha hai," Atieno alisema, "kwa sababu anajua kuzamia. Mfundishe."

Kashindye alitoboa bamba kuukuu la bati nene, akalizamisha kwenye pipa la maji, na siku mbili nzima Ojuok alijifunza kugonga pamba akiwa amezamisha mikono hadi mabegani. Kisha wakaenda majini, yeye na Chenge, mwenye mtumbwi. Ojuok alijifunga jiwe kiunoni, akashuka, akapanda, akashuka tena. Kabla jua halijapinduka siku ya pili, mashimo yote kumi na moja yalikuwa yamezibwa kwa pamba iliyosokotwa kama Masalu alivyoisokota, na maji juu ya tishari yakawa safi. Watu walipiga vigelegele. Chenge alichinja jogoo.

Siku ya tatu mafuta yalirudi.

Kashindye aliyaona kutoka mlangoni pake, doa jeusi likitanuka. Alishuka hadi maji yakamfika magotini. Pamba zake zilikuwa zinaelea kuelekea kwake, moja baada ya nyingine, kama vifaranga waliokufa. Alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja.

Alikaa kwenye mchanga mchafu bila kujali nguo. Atieno alimfuata, akakaa kando yake.

"Mbao hunywa maji," Kashindye alisema. "Mtumbwi ukishushwa, mbao hunenepa, zinaibana pamba. Miaka yote hii najisifu kwa kukaza, kumbe nusu ya kazi ilikuwa inafanywa na mti. Chuma hakinywi. Nimekalafati chuma kana kwamba ni mvule."

"Hata baba yako angekosea hivyo."

"Baba angekosea mapema zaidi, na angepata muda mrefu zaidi wa kusahihisha." Zilibaki siku kumi na nne.

Kwa hasira aliokota pamba moja, akaikamua. Aliikamua tena, akaitazama mikono yake. Yalitoka mafuta matupu, meusi, mazito. Maji hayakutoka hata tone. Pamba ile ilikuwa imekaa ziwani siku tatu, na ziwa lote hilo haikulionja.

"Niletee pamba kavu," alisema. "Na ndoo."

Alitumbukiza pamba mbichi, ile isiyofuliwa wala kuchemshwa, kwenye ndoo yenye maji na doa la mafuta juu. Pamba ilielea. Ilitembea polepole hadi kwenye doa, na doa likatoweka ndani yake kama kivuli kinavyoingia nyumbani. Maji yaliyobaki yangeweza kuogeshea mtoto.

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Mama Mhoja," Atieno alisema taratibu, "hiki kitu tunakilima kila mwaka."

Pamba haikuwa shida mwaka ule. Karibu na Usagara kulikuwa na kinu cha kuchambulia pamba kilichosimama tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuingia, na bohari lake lilikuwa limejaa fifi, pamba ya daraja la pili, yenye madoa na majani, isiyotakiwa na mtu. Mlinzi wake alikuwa Nkwabi, mzee mwenye filimbi ambayo hakuwa na wa kumpulizia. Kashindye na Atieno walimkuta ameketi getini.

"Ngosha," Kashindye alimwita kwa jina wanaloitana wanaume wa Kisukuma, na mzee akafurahi kama aliyeitwa kijana. "Ile fifi yenu mnaifanyia nini?"

"Tunailinda," Nkwabi alijibu. "Panya wanaila, mimi nawatazama. Nimeagizwa niichome kabla ya msimu mpya."

"Tupe sisi, tukaichome majini."

"Majini? Dada yangu, Wasukuma wamechoma vitu vingi, lakini majini!"

Walipomweleza, alisimama, akaufungua mlango wa bohari kwa funguo zote mbili. Lori la mchanga lililokuwa likirudi tupu liliwabebea magunia ishirini na saba, na Nkwabi akapuliza filimbi yake kulisimamisha, kisha tena kuliruhusu liondoke, kwa kuwa ilikuwa imepita miaka hajapata nafasi hiyo.

Kwa siku nne mwalo mzima ulishona. Walichukua nyavu kuukuu za dagaa, wakazikunja kama mifuko mirefu, wakajaza fifi, wakafunga kila hatua moja kwa kamba. Likawa joka jeupe lenye urefu wa kutoka banda la samaki hadi kwenye mawe. Wanaume walilivuta kwa mitumbwi, wakalizungusha mahali tishari lilipolala. Joka lilikunywa. Jioni lilikuwa jeusi. Walilivuta ufukoni, wakalikanyaga kwenye mapipa kama watu wanaokanyaga udongo wa matofali, wakalirudisha. Ufuko ukaanza kurudi rangi yake. Atieno aliparua mchanga wa juu, akakuta chini yake mchanga wa kweli.

Lakini joka lilikunywa tu kilichotoka. Halikuweza kuzuia kutoka. Na samaki, kama Ojuok alivyosema, hawaogelei juu tu.

Zilikuwa zimebaki siku saba Atieno aliporudi kutoka shambani, akafika kwenye maji akiwa anatukana jembe lake. Mpini ulikuwa umelegea, jembe likazunguka kila alipolima. Alilitia majini karibu na miguu ya Kashindye, akaliwekea jiwe juu.

"Unalifanya nini?" Kashindye aliuliza.

"Nalilowesha. Wewe Msukuma hujui kulowesha jembe? Kesho litakuwa limekaza hata tembo halichomoi."

"Najua," Kashindye alisema. "Najua." Alilivuta jembe kutoka majini. Alitia kidole kwenye tundu la chuma mahali mpini ulipoingia. Tundu la duara. Chuma nje, mti ndani. "Atieno, mimi ni mjinga wa miaka thelathini."

"Leo umeamua kusema?"

"Chuma hakinywi maji. Basi kipewe mti wa kukinywea."

Ulitakiwa mti laini wenye kiu, mkavu kuliko mti wowote. Mbao za dukani zilikuwa bado mbichi, zilizokatwa mwaka huohuo kwa haraka ya biashara. Kashindye aliingia jikoni kwake, akatazama juu ya mafiga. Alikitungua kigogo cha baba yake. Kilikuwa chepesi kama kibuyu. Alikikalia kidogo, mgongo wima, mikono magotini, kama Masalu alivyokaa. Kisha akasimama, akachukua shoka, akakipasua kwa pigo moja.

Alichonga vigingi kumi na moja na vya akiba vinne, vyembamba mbele na vinene nyuma, kila kimoja kikilinganishwa na gumba la Ojuok. Alikivika kila kigingi kamba nyembamba ya pamba, akakitia katika mfuko wa nailoni, akaufunga kwa uzi. "Kisilowe hata kidogo mpaka kifike," alimwambia Ojuok. "Fungua mfuko ukiwa tayari mdomoni mwa shimo. Gonga. Kikisema ka, acha. Ukizidisha kitapasuka, na mkuyu wa baba hauoti tena."

"Nitasikiaje ka huko chini? Masikio yamejaa maji, kichwa kinavuma."

Ni kweli, mara ya kwanza alikuwa amegonga kwa kubahatisha.

"Sauti hupanda," Kashindye alisema. "Mtu akilaza sikio kwenye sakafu ya mtumbwi, atasikia kila pigo. Nitasikia mimi. Nikigonga ubao mara tatu kwa nyundo, kishindo kitakufikia, unaacha."

Chenge alikohoa. Alikuwa mkubwa wa wavuvi pale, mwenye mitumbwi mitatu na ndevu chache alizozitunza kama mitumbwi hiyo. "Mama Mhoja, tunakuheshimu. Lakini unajua. Mwanamke akipanda, samaki hukimbia."

"Samaki gani, baba?" Kashindye aliuliza kwa upole. "Nionyeshe hata mmoja aliyebaki, nimwombe radhi."

Kisha mvuvi mmoja nyuma alicheka, wa pili akamfuata, na Chenge mwenyewe akashika ndevu zake ili zisicheke. "Panda," alisema.

Asubuhi ya Jumatano ziwa lilikuwa limelala. Kashindye Masalu, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alikanyaga mtumbwi kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtumbwi aliokuwa ameukalafati mwenyewe mara nne. Alipiga magoti, akalaza sikio lake la kulia chini. Ubao ulikuwa wa baridi. Alisikia maji yakisema yale yanayosemwa na maji upande wa pili wa ubao, na hakuwa amejua kwamba yana maneno mengi hivyo.

Ojuok alivaa miwani, akashika jiwe, akashuka.

Bu. Ilitoka mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba nyingine. Bu. Bu. Bu. Kashindye alifumba macho. Bu, bu, ka. Aligonga ubao mara tatu. Kimya. Kisha kichwa cha Ojuok kikatokea, mdomo wazi, kidole kimoja juu.

Kigingi cha pili. Cha tatu. Ufukoni watu walikuwa wamesimama, kila aliyehesabu akihesabia moyoni. Kufikia alasiri walikuwa wamefika cha nane, na midomo ya Ojuok ilikuwa imepauka. Cha tisa aligonga muda mrefu, akapanda kabla hajagongewa.

"Kimekaza!" alipaza sauti.

"Hakijakaza," Kashindye alisema, sikio bado chini.

"Mama Mhoja, nimekipiga mpaka mkono umekufa ganzi! Mimi ndiye niko huko!"

"Wewe una macho, mimi nina sikio. Kimesema ku. Hakijasema ka. Rudi."

"Ku na ka zina tofauti gani?"

"Kama ya mume na jirani. Rudi!"

Ojuok alirudi. Alikaa huko chini muda mrefu kiasi kwamba Atieno, ufukoni, alishika kichwa. Alipotokea alikuwa na kipande cha ribiti mkononi, kisiki cha chuma kilichobaki ndani ya shimo na kukizuia kigingi kisiingie. Alichukua kigingi cha akiba, akashuka. Bu, bu, bu. Kisha, wazi kama kengele ya shule: ka.

Cha kumi na cha kumi na moja walivimaliza Alhamisi asubuhi. Baadaye hakukuwa na la kufanya ila kuuachia mti kazi yake. Joka la pamba lilibaki majini. Ijumaa lilitoka na madoa. Jumamosi lilitoka la kijivu. Jumapili, watu walipotoka kanisani, walilivuta wakiwa bado na nguo nzuri, na sehemu mpya iliyounganishwa juzi ilitoka nyeupe, ikichuruzika matone yasiyo na rangi.

Jumatatu Revocatus alifika na sufuria yake. Alikataa kuni za watu, akatoa jiko la mafuta ya taa alilokuja nalo. Kisha akalinusa, akalikataa pia, akaomba kuni. Alijichagulia sangara mwenyewe kutoka wavu uliotegwa juu ya tishari lenyewe. Alimkata, akamchemsha kwa maji ya ziwa lilelile. Watu walimtazama kama wanavyomtazama refa kabla ya penalti.

Alichukua kipande, akakinusa. Akafumba macho, akakitia mdomoni, akatafuna polepole sana. Akachukua cha pili, kutoka tumboni, mahali palipo na mafuta ya samaki na harufu hujificha. Akatafuna. Akameza. Atieno alikuwa amemshika Kashindye mkono kwa nguvu.

Revocatus alifumbua macho, akatazama sufuria, akatazama watu.

"Kuna chumvi?" aliuliza.

Kelele zilizopigwa zilifika hadi kivukoni. Walimletea chumvi, wakamletea na ndimu, na ugali, na mtu akaenda kumfuata Nkwabi Usagara kwa pikipiki ya serikali. Ojuok alibebwa. Atieno alimwambia kwamba sasa anaruhusiwa kulala kitandani. Kesho yake lori la minofu lilirudi, na dereva akashusha kioo mwenyewe.

Katika shangwe ile Kashindye alimvuta Revocatus kando. "Mwanangu, andika vizuri kwenye karatasi yako. Kalafati ni ahadi, si dawa. Hivyo vigingi vitashika, lakini tumbo bado limejaa. Waje walinyonye."

Revocatus aliandika, na safari hii akaipeleka barua kwa mkono, ofisi hadi ofisi, na akakaa kwenye kila benchi aliloelekezwa. Januari kilikuja chombo cha bandari chenye pampu na mipira mirefu. Fundi mkuu wao alizamia akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, akatokea akiuliza ni kampuni gani iliyoziba mashimo yale. Vigingi havikung'oka kwa koleo wala kwa nyundo. Ilibidi watoboe pengine. Walinyonya mafuta kwa siku tano, mpaka pampu ikatoa maji. Vile vigingi waliviacha palepale, na viko chini hata sasa.

Wiki moja baadaye Chenge alimaliza mtumbwi mpya, mrefu kuliko yote iliyowahi kushushwa Melini. Kashindye ndiye aliyeukalafati. Ulipofika kwenye maji Chenge hakuupanda. Alisimama kando, maji yakimfika magotini, akanyoosha mkono.

"Fundi," alisema. "Desturi."

Kashindye alipanda. Alikaa chini kabisa, juu ya maungio, kanga yake mpya ikiwa imetandazwa sawasawa, mgongo wima, mikono magotini. Walimpeleka hadi kwenye mawe, wakamzungusha mahali tishari lilipolala, wakamrudisha. Aliposhuka aliwageuzia mgongo watu wa Melini wote, makusudi, akasimama hivyo muda wa kutosha, ili kila mwenye macho aione kanga, kavu kama jua la kiangazi.

Chenge alimshika mkono.